Kilo Zilizohamia Februari

Kompyuta ilikuwa imefunikwa kitambaa cheupe cha kufumwa, kama redio ya mzee mwenye nyumba zamani zile. Ilikaa juu ya meza ya mbao, kati ya mzani wa magunia na kabati la chuma, katika ofisi ya chama cha msingi cha wakulima wa kahawa huku Kimuli, wilayani Kyerwa. Ilikuwa Juni 2016, shule zimefungwa. Mwenyekiti aliniita kwa sababu alisikia kwamba mimi, mwalimu wa hesabu, niliwahi kusoma kompyuta Mwanza.

"Mwalimu," akasema, "hii mashine inazima kila siku, na foleni ni hiyo unayoiona. Karani wa kwanza alitutia hasara tukamsimamisha. Huyu wa sasa anaogopa hata kuigusa."

Nje kulikuwa na baiskeli na pikipiki zilizobebeshwa magunia ya maganda, ndivyo tunavyoiita huku kahawa iliyokaushwa na ganda lake. Watu walikuwa wamekaa chini ya mwembe tangu alfajiri. Nilikuja kwa ajili ya ile sentensi ya kwanza, ya mashine inayozima. Sikujua kwamba ile ya pili, ya karani aliyetia hasara, ndiyo ingenichukua likizo nzima.

Nieleze kwanza mashine ile ilibeba nini. Wakati ule mkulima huku hakuwa akiuza kahawa yake mara moja yakaisha. Chama cha msingi kilipopima kilo zake kilimlipa malipo ya awali, na kahawa yote ilipokwisha kuuzwa, kama soko lilikuwa zuri, alirudi kuchukua malipo ya pili. Kati ya siku hizo mbili kilichomlinda mkulima kilikuwa maandishi: jina lake, kilo zake, tarehe aliyoleta. Mwenye haraka zaidi, ambaye ada ya mtoto inadaiwa au mgonjwa yuko hospitali, huangukia butura, yaani huuza kahawa ingali ua mtini kwa bei ya mwenye fedha. Ushirika ulikuwa njia ya kumtoa huko. KDCU, chama kikuu cha Karagwe, kilianza mwaka 1990, na vyama vya msingi kama chetu ndivyo vinavyokusanya kahawa vijijini. Kwa hiyo kilo moja ikipotea kwenye maandishi, mtu wa butura amepata hoja ya kumrudisha mkulima kwake.

Maandishi hayo yalikuwa kwenye leja kwa miaka mingi. Kisha kijana mmoja wa hapahapa, aliyesoma akarudi, akakitengenezea chama kanzidata kwa Access, programu ambayo Microsoft waliitoa kwa mara ya kwanza mwaka 1992 na ambayo imebeba hesabu za ofisi ndogo nyingi duniani. Faili lilikuwa moja tu, na ndani yake mlikuwa na kila kitu: majina ya wanachama, mapokezi ya kahawa, malipo, madeni ya pembejeo, hata picha. Alilitengeneza vizuri, na ninasema hivyo baada ya kulisoma mstari kwa mstari. Aliugua akafariki kabla hajamfundisha mtu mwingine.

Kwetu mtu akirithi kibanja harithi migomba na mibuni peke yake. Anarithi deni la marehemu dukani, butura aliyoiweka kabla hajafa, na jirani anayedai kwamba mti wa mpaka ulisogezwa. Mrithi, omusika, akianza kufyeka kabla hajauliza wazee mpaka uko wapi, ugomvi atakaouzua atawaachia wajukuu. Nilikumbuka hilo nilipotoa kitambaa kile, na nikalifuata. Kabla sijabonyeza kitu nilinakili faili zima kwenye fleshi mbili. Moja nikaifungia kabatini, nyingine nikaenda nayo nyumbani. Kisha nikaomba daftari la kurasa 96 na kalamu.

Karani wa sasa, kijana mpole, alishangaa. Alitegemea niingie ndani ya mashine. Nilimwomba tuandike, kila itakapozima: saa ngapi, nani amekaa, alikuwa anafanya nini hasa, umeme upo au haupo, na jina la nani lilikuwa kwenye kioo. Tulifanya hivyo wiki mbili bila kurekebisha chochote. Mwenyekiti alikosa subira, nami namwelewa, kwa sababu foleni ilikuwa yake. Lakini mashine inayozima "kila siku" huwa ina magonjwa kadhaa yanayofanana kwa homa, na ukitibu mmoja huku mengine yapo utadhani dawa haifanyi kazi.

Ugonjwa wa kwanza haukuhitaji daftari. Umeme wa Kagera wakati ule ulitoka Uganda kwa laini ya Masaka, na ulipokatika huko tulikaa gizani huku. Betri ya akiba chini ya meza ilikuwa imekufa zamani. Ilibaki kuwa soketi tu. Access huandika data kwenye faili kwa vipande vya kilobaiti 4, na umeme ukikatika wakati kipande kimoja kimeandikwa na mwenzake bado, faili hubaki na alama ya kutiliwa shaka. Ukilifungua tena, programu inadai kulikarabati. Karani anakubali, maana afanyeje? Ukarabati ule huokoa unachoweza na kuacha usichoweza. Mstari uliovunjika hutupwa. Programu hujitengenezea jedwali dogo inamoandika makosa iliyokutana nayo wakati wa ukarabati, lakini jedwali hilo limefichwa na haliji mbele ya mtumiaji. Nililifunua. Lilikuwa na orodha.

Nilikaa nikaiangalia orodha ile kwa muda mrefu. Kila mstari ulikuwa gunia la mtu. Tulizitafuta stakabadhi za karatasi za siku hizo tukaziingiza upya, kisha chama kikanunua betri mpya ya akiba. Ilikuwa bei ya magunia machache, na imeokoa kazi ya misimu.

Kulikuwa na mengine ya kupita haraka. Picha za wanachama zilikuwa zimepachikwa ndani ya faili lenyewe, zikalivimbisha kuelekea kikomo cha gigabaiti 2 ambacho Access haivuki; tukazitoa tukaziweka kwenye folda ya pembeni. Kulikuwa pia na suala la wilaya. Kimuli ilikuwa Karagwe hadi Kyerwa ilipokuwa wilaya mwaka 2012, na wanachama walioandikishwa kabla ya hapo walibaki Karagwe ndani ya mashine, huku wapya wakiandikwa Kyerwa. Waliobadilisha kadi waliingia mara mbili, Karagwe na Kyerwa, na kilo zao zikagawanyika. Mama mmoja alikuwa amelipwa malipo ya pili kwa nusu ya kahawa yake kwa sababu nusu nyingine ilikuwa wilaya ya jirani. Hakulalamika. Alidhani soko lilikuwa baya.

Sasa nifike kwa mzee. Nikisoma daftari letu mwisho wa wiki ya pili niliona kwamba mara nyingi mashine ilizima umeme ukiwa upo, na karibu kila mara ilikuwa wakati wa kutafuta jina. Tena kulikuwa na jina moja lililojirudia. Nilimuuliza karani, akainamisha kichwa. "Mwalimu, huyo mzee tunamwomba aje mwisho. Akija mapema watu wananung'unika, wanasema akitajwa tu mashine inakufa."

Mzee mwenyewe alikuwa Msukuma aliyehamia huku na ng'ombe wake miaka mingi iliyopita, akanunua shamba, akapanda mibuni. Nilimkuta amekaa peke yake kwenye gogo, mbali na mwembe.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwalimu. Mwanangu, hii mashine imenikataa. Wao wanaona nina kitu."

Nilimwomba aniandikie jina lake kwenye daftari. Aliandika polepole, kwa mwandiko wa shule ya zamani, na katikati ya jina la ukoo akaweka ng', ile ya ng'ombe, pamoja na ritifaa yake iliyonyooka vizuri. Nikajua. Marehemu fundi wetu, kwa desturi ya lugha ya kompyuta aliyotumia, alilifungia jina linalotafutwa ndani ya ritifaa mbili, moja mwanzo na moja mwisho. Mashine ikikutana na ritifaa ya ng' inadhani jina limeishia hapo, na herufi zinazofuata inaziona kama amri isiyoeleweka. Na kwa kuwa ofisi ilikuwa ikitumia toleo la bure la Access, lile la kutumia tu bila kurekebisha, kosa lolote ambalo fundi hakulitarajia huifunga programu nzima papo hapo. Watu wengi wa kwetu majina yao hayana ng', ndiyo maana fundi hakuona shida alipojaribu kazi yake. Mzee yule alikuwa akiandika Kiswahili sanifu, na kwa ajili hiyo akawa mkosi wa kijiji.

Dawa ni mstari mmoja: kila ritifaa iliyo ndani ya jina iandikwe mara mbili, na mashine itaielewa kuwa ni herufi. Kwa toleo kamili la Access nilisaka kila mahali jina lilipotumiwa, nikarekebisha, nikamwita mzee. Nilimwomba karani alitafute jina lake mbele ya watu wote waliokuwa ofisini. Likaja, na kilo zake za misimu minne. Mzee aliinama akakaribia kioo akalisoma jina lake. Hakusema kitu. Siku iliyofuata alikuja saa moja asubuhi akakaa chini ya mwembe pamoja na wenzake.

Ningekuwa nimemaliza hapo, kama si kahawa ya Ijumaa moja iliyopita. Tarehe 10 Juni tulikuwa tumepokea kahawa nyingi, nami sasa nikamwomba karani anipangie mapokezi yote ya mwaka ule kwa tarehe ili nihakikishe hakuna mstari uliopotea tena. Kuelekea mwisho wa orodha palikuwa na mapokezi ya tarehe 6 Oktoba 2016. Nilidhani karani amekosea kuandika. Nikatazama stakabadhi: 10/6/2016, mwandiko safi, hana kosa. Mashine ilikuwa imeipeleka kahawa ya Juni kwenye Oktoba, mwezi ambao ulikuwa haujafika.

Nikapandisha orodha hadi juu. Hapo kulikuwa na mapokezi ya Januari, Februari, Machi. Huku Kimuli hakuna anayepima maganda Februari.

Hesabu ilikuja kichwani kabla sijakaa. Sisi tunaandika siku kwanza kisha mwezi. Wamarekani wanaanza na mwezi. Access, unapoiandikia amri kwa lugha yake ya ndani, husoma tarehe Kimarekani hata kama kalenda ya kompyuta imewekwa kwa mtindo wetu. Ukiandika 2/6 inasoma Februari 6. Ukiandika 25/6 inajaribu mwezi wa 25, inakuta haupo, na badala ya kulalamika inageuza kimyakimya na kusoma vizuri: Juni 25. Kosa linakuwa siku 12 za kwanza za kila mwezi tu, kisha linajificha hadi mwezi ujao. Ndiyo sababu hakuna aliyeligundua. Mtu akikagua tarehe 20 kila kitu ni sahihi.

Ripoti ya msimu ilikuwa ikihesabu kuanzia 1 Mei hadi 30 Septemba. Kahawa iliyoletwa tarehe 1 hadi 4 ya mwezi wowote wa msimu ilihamia Januari hadi Aprili, kabla msimu haujafunguliwa. Ya tarehe 10, 11 na 12 ilihamia Oktoba, Novemba na Desemba, msimu umefungwa. Ya tarehe 5 hadi 9 ilibaki ndani lakini katika mwezi usio wake, isipokuwa 5 Mei, 6 Juni, 7 Julai, 8 Agosti na 9 Septemba. Siku 7 kila mwezi, miezi 5: siku 35 kati ya 153 hazikuonekana katika ripoti. Kahawa ilipokelewa, fedha zililipwa, lakini ripoti ilikana.

Nilisimama. Nilikumbuka sentensi ya pili ya mwenyekiti.

Nikaomba faili la karani wa kwanza, ambaye alikuwa mwanamke. Mwisho wa msimu wa 2015 ripoti ya kompyuta ilionyesha kwamba fedha taslimu alizokabidhiwa za kununulia kahawa zilizidi kilo alizonunua, kwa zaidi ya kilo 4,000. Alipoulizwa alisema amenunua zote. Kahawa ya vituo vitatu ilikuwa imechanganywa ghalani, kwa hiyo uzito wa ghala haukuweza kumtetea. Kamati ilisoma karatasi iliyochapishwa na mashine, ikasoma uso wa mama huyo aliyekuwa akilia, ikaiamini karatasi. Barua ya kumsimamisha ilikuwa na mihuri miwili.

Nilitaka kujua kwa nini msimu wa 2014 na iliyotangulia haikuwa na kosa hili. Jibu lilikuwa ndani ya msimbo. Marehemu alikuwa na tabia ya kuandika vidokezo vya Kiswahili pembeni ya mistari yake, na juu ya sehemu ya tarehe aliandika: kompyuta hii kalenda yake ni ya Kimarekani, usiibadilishe, nitarekebisha msimu ukiisha. Alijua. Aliiweka kompyuta yake ya zamani kwa kalenda ya Kimarekani ili mambo yalingane, na kwenye kioo akaonyesha tarehe kwa mtindo wetu. Kompyuta ile ilikuwa ya Windows XP, ambayo Microsoft waliacha kuihudumia Aprili 2014. Mwanzoni mwa 2015 chama kikanunua nyingine, na mtu mwenye nia njema akaipanga tarehe yake "iwe ya Kitanzania". Onyo la marehemu lilikuwa mahali ambapo fundi peke yake angeliona, na fundi alikuwa kaburini.

Nilimheshimu zaidi, si kidogo. Lakini tangu siku ile ninaamini kwamba onyo linalomhusu karani liandikwe ukutani kwa karani, kwa kalamu ya wino mzito, si ndani ya mashine.

Nilienda kwa yule mama Jumapili baada ya ibada. Alikuwa anapalilia maharage chini ya migomba. Aliponiona na mwenyekiti wa kitongoji alidhani tumekuja kuchukua kitu. Alituambia ng'ombe alishauzwa kulipa sehemu ya deni. Tulikaa kwenye mkeka. Nilimuuliza jambo moja tu: jioni, alipokuwa akifunga hesabu, zilikuwa zinalingana?

"Mwalimu, zililingana kila jioni. Nilikuwa nahesabu stakabadhi na fedha, zinakaa sawa. Mwisho wa mwezi mashine inasema hazilingani. Nikafika mahali nikadhani mimi ndiye ninayeumwa kichwa. Mume wangu akaanza kuniuliza fedha nimempa nani."

Vitabu vya stakabadhi vya 2015 vilikuwa vyote kabatini, nakala za kaboni, vimefungwa kwa kamba ya mgomba kwa mwezi. Yeye ndiye aliyevifunga kabla ya kukabidhi ofisi. Kwa siku nne mimi na karani kijana tulisoma nakala moja moja, mmoja akitaja na mwingine akitafuta kwenye mashine. Stakabadhi ya 2 Juni, mashine 6 Februari. Ya 11 Julai, mashine 7 Novemba. Ya 3 Agosti, mashine 8 Machi. Tulipomaliza tulijumlisha zile zilizohamia nje ya msimu, na tofauti iliyompeleka nyumbani ikafutika karibu yote. Zilibaki kilo chache, na hizo nilizikuta kwenye lile jedwali lililofichwa la ukarabati, mistari iliyotupwa usiku umeme ulipokatika.

Miaka iliyofuata nilisoma habari za Uingereza zilizonirudisha kwenye mkeka ule. Shirika la posta la kule liliweka mfumo wa kompyuta ulioitwa Horizon, uliotengenezwa na Fujitsu, kuanzia mwaka 1999. Mfumo ulionyesha upungufu wa fedha kwenye matawi madogo, na wasimamizi wa matawi hayo, watu wa kawaida wenye maduka yao, wakaambiwa walipe au washtakiwe. Zaidi ya watu 900 walitiwa hatiani kati ya 1999 na 2015. Wengine walifungwa, wengine walifilisika, wengine walikufa kabla ya kusafishwa. Desemba 2019 Mahakama Kuu ya huko ilikubali kwamba mfumo ulikuwa na kasoro zilizoweza kuzua upungufu ule, na mwaka 2024 bunge lilipitisha sheria ya kufuta hukumu hizo kwa pamoja. Nchi yenye mawakili, magazeti na mahakama kubwa ilichukua miaka ishirini kuamini watu kuliko karatasi ya mashine. Je, kijiji chenye mwenyekiti mmoja na foleni?

Katika kisa cha Uingereza kilichoniuma zaidi ni kwamba wasimamizi wengi waliambiwa, kila mmoja, kwamba yeye peke yake ndiye mwenye tatizo. Ndivyo alivyoambiwa mama wa Kimuli. Ndivyo alivyoambiwa, kwa namna nyingine, mzee wa ng'. Kasoro ya mashine haionekani kwa macho, kwa hiyo inatafuta mwili wa kukaa, na mwili ulio karibu ni wa yule anayebonyeza au anayetajwa. Fundi anayerithi mfumo wa mwenzake anarithi pamoja nao watu walioumizwa na mfumo huo, na kazi haijaisha mpaka awe amewatafuta.

Mwenyekiti aliitisha mkutano mwezi wa Julai, kahawa ikiwa imejaa. Nilikuwa nimejiandaa kueleza kwa ubao na chaki, siku, mwezi, Marekani, Tanzania. Nilianza, nikaona wazee wanatazamana. Nikaacha. Nikamwomba mkulima mmoja asimame na stakabadhi yake ya 2 Juni 2015, nikamsomea mashine inasemaje. "Februari?" akapaza sauti. "Februari nilikuwa napanda maharage!" Mkutano mzima ukacheka kwa mshangao, kisha ukanyamaza, kwa sababu mama alikuwa amekaa safu ya nyuma.

Mwenyekiti alifanya jambo ambalo sitalisahau. Alivua kofia akasimama mbele yake, akamwomba radhi kwa Kinyambo, kwa maneno marefu ya heshima, watu wote wakisikia. Kisha akasema kwa Kiswahili, ili iandikwe kwenye muhtasari, kwamba deni limefutwa na alichokwisha kulipa atarudishiwa. Kilirudishwa kwa awamu tatu. Ng'ombe hakurudi.

Hakukubali kurudi kazini. Kijana aliyekuwa akiogopa mashine ndiye aliyeendelea, na kila Jumamosi mama alikuja kwa hiari yake kuangalia jinsi anavyofunga stakabadhi. Nilirekebisha mstari wa tarehe ili mwaka uandikwe kwanza, kisha mwezi, kisha siku, mpangilio ambao Access haiwezi kuugeuza. Niligawa faili mara mbili, data upande mmoja na fomu upande mwingine, ili siku fomu zikiharibika kilo zisiguswe. Ukutani tulibandika karatasi: nakili kila jioni kabla ya kufunga, umeme ukikatika usikarabati kabla ya kunakili, tarehe usiibadilishe. Mwaka 2018 serikali ilipoagiza kahawa yote ipitie vyama vya ushirika, foleni ilizidi kila tuliyoizoea, na faili lile likastahimili.

Siku hizi vyama vinaingia kwenye mifumo mipya, ya mtandaoni, iliyotengenezwa na watu wa mbali na yenye kasoro ambazo bado hazijapata jina. Siipingi, na ningependa kuona ikifika kila kituo cha kununulia. Lakini nimesikia kwamba baadhi ya ofisi, baada ya kupata mashine mpya, zinachoma vitabu vya stakabadhi ili kupata nafasi kabatini. Ndugu viongozi wa vyama vya msingi, Kyerwa, Karagwe na kwingine: msivichome. Zile nakala za kaboni zilizofungwa kwa kamba ya mgomba ndizo zilizosema ukweli juu ya mama yule, na hakukuwa na shahidi mwingine.